Kisu Chenye Mwenyewe

Kila mwanafunzi aliyesoma Kiswahili katika miaka hii ya karibuni ameiandika insha hiyo, au ataiandika kabla ya kumaliza kidato cha nne: faida na hasara za mitandao ya kijamii. Utaratibu wake unajulikana. Upande wa faida kuna kupata habari upesi, kufanya biashara, kuwasiliana na ndugu walio mbali. Upande wa hasara kuna uvivu, umbea, picha za utupu na mmomonyoko wa maadili. Kisha inakuja aya ya mwisho, ile inayomfurahisha mwalimu: mitandao ni kama kisu, ukikitumia vema utakatia nyama, ukikitumia vibaya utajikata mwenyewe. Alama kumi na saba kwa ishirini.

Ningeiacha insha hiyo ibaki darasani kama isingekuwa imehamia kila mahali. Inasomwa mimbarini, inarudiwa kwenye semina za wilaya, inafungua na kufunga hotuba za viongozi, hata MC wa harusi anayo. Na kila mara inasemwa kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara asiyeegemea upande wowote. Ndiyo maana haibishiwi. Anayesema mitandao yote ni ya shetani atapata wa kumcheka, na anayesema ni mkombozi wa Afrika atapata wa kumcheka pia, lakini mwenye msemo wa kisu hana wa kumgusa, kwa kuwa tunadhani amesimama katikati. Mimi nadai amesimama upande wa muuzaji, tena bila kulipwa.

Kisu kina sifa moja ambayo wasemaji wake hawaitaji: hakina haja na mtu. Kikilala kabatini wiki nzima hakuna anayepata hasara. Hakikuamshi saa tano usiku kukuarifu kwamba jirani ameshika chake. Hakikumbuki jana ulikata nini ili leo kikusogezee hichohicho, safari hii kikubwa zaidi. Na mhunzi aliyekifua haongezewi senti ukijikata. Kwa kifaa cha namna hiyo ni haki kabisa lawama iende kwa mkono ulioshika. Facebook, Instagram na TikTok si vifaa vya namna hiyo, na ushahidi upo, sehemu yake umeandikwa na wenye mali wenyewe.

Tuanze na pesa, maana ndizo insha inazisahau. Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, iliingiza zaidi ya dola bilioni 160 mwaka 2024, na karibu zote zilitoka kwa watangazaji. Mtangazaji hanunui programu. Ananunua dakika za macho yako. Mtu akiingia, akaona mtoto wa dada yake amehitimu, akatoa hongera, akatoka ameridhika, biashara imepoteza. Kwa hiyo kuna mpangaji, wataalamu humwita algorithimu, ambaye kati ya mamia ya vitu vilivyobandikwa na watu unaowafuata na usiowafuata anachagua kipi kitangulie kwenye kioo chako na kipi usikione kabisa. Hakuulizi unataka nini. Anabashiri nini kitakufanya usiondoke.

Ubashiri huo una alama, na alama hupangwa na watu wenye mishahara na vikao. Mwaka 2017 Facebook iliamua kwamba mtu akijibu chapisho kwa emoji, iwe moyo, kicheko, machozi au uso wa hasira, jibu hilo lihesabiwe mara tano ya laiki ya kawaida. Tulikuja kulijua hilo Oktoba 2021, kupitia nyaraka za ndani alizotoka nazo Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo. Nyaraka hizohizo zilionyesha kwamba wataalamu wa humohumo ndani walishagundua kuwa machapisho yanayovuna nyuso za hasira yana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba uongo na matusi. Uzito wa uso wa hasira ukapunguzwa kidogo kidogo, na mwaka 2020 ukafika sifuri. Hapo katikati kuna miaka ambayo mtu aliyeandika kwa upole juu ya bei ya mahindi alishindanishwa na mtu aliyetukana kabila la jirani, na mizani ilikuwa imeshainamishwa kabla hawajafika.

Sasa niambieni: yule aliyebonyeza uso wa hasira akiwa Singida au Kisumu alikitumia kisu vibaya? Alikasirika tu, kama binadamu anavyokasirika. Hakuna aliyemwambia kwamba hasira yake inahesabiwa mara nyingi zaidi ya furaha ya mwenzake aliyebonyeza laiki na kupita. Tena wengi hubonyeza uso huo kupinga uongo walioukuta, na kwa kuupinga wakausukuma mbele kwa wengine.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo uongo huandikwa na mtu na husambazwa na mtu. WhatsApp inawajibu hawa vizuri kuliko mimi. Kila ukoo una shangazi anayetuma dawa ya kitunguu saumu, onyo la sumu kwenye samaki na taarifa ya mwisho wa dunia kwa magrupu yote aliyomo: la familia, la kwaya, la michango ya harusi, la wazazi wa darasa la tatu. Kwa miaka mingi tumemsema shangazi. Tumemwomba ahakikishe kabla ya kutuma, naye ametujibu, “Mimi nimetumiwa tu, mwanangu.” Aprili 2020, corona ikiwa imeshika kasi, WhatsApp ilibadilisha jambo moja: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, usiweze kutumwa kwa zaidi ya mtu mmoja au grupu moja kwa wakati mmoja. Kabla mwezi huo haujaisha kampuni yenyewe ikatangaza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo umeshuka kwa asilimia 70 duniani.

Shangazi hakuhudhuria semina. Hakuokoka upya. Maadili yake ya mwisho wa Aprili yalikuwa yaleyale ya Machi. Kilichobadilika ni kitufe, na aliyekibadilisha yuko California. Kama tatizo lingekuwa mkono ulioshika, kitufe kisingeleta tofauti ya namna hiyo kwa mabilioni ya watu wa dini zote na malezi yote. Nami nasubiri kutajiwa semina ya maadili iliyowahi kufikia asilimia 70.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuukataa msemo huu. Mwaka 2014 kampuni ya simu ya Tigo ilitangaza hapa Tanzania kwamba wateja wake watapata Facebook bure, tena kwa Kiswahili. Lugha yetu ilijulikana barabara wateja walipotafutwa. Sasa ruka hadi Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, nchi ambayo damu ya machafuko ya uchaguzi ya mwaka 2007 na 2008 haijasahaulika. Mashirika mawili, Global Witness na Foxglove, yaliandaa matangazo ya majaribio yenye maneno ya chuki na miito ya kuua, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yakayapeleka Facebook kuomba yapitishwe, kwa nia ya kuyaondoa kabla hayajaonekana na mtu. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza baadhi yalikataliwa kwanza, na sababu iliyotolewa ilihusu sarufi na lugha isiyofaa. Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakapita. Mchinjaji aliombwa kunyoosha sentensi zake. Tangazo ni kitu ambacho kampuni inalipwa kukisambaza na inadai kukikagua kabla. Hapo hapakuwa na mtumiaji wa kulaumiwa. Palikuwa na mlango, bawabu, na ada ya kuingilia.

Na bawabu mwenyewe alikuwa nani? Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya uchujaji wa maudhui ya Facebook kwa lugha za ukanda huu ilifanyika Nairobi, chini ya kampuni ya kandarasi iitwayo Sama. Jarida la TIME liliandika Februari 2022 kwamba baadhi ya wachujaji walilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa, kazi yao ikiwa kutazama watu wakichinjwa na watoto wakinajisiwa ili wewe na mimi tusivione. Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini aliyejaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki, alifukuzwa kazi, akaenda mahakamani Mei 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi yao baada ya kuachishwa. Daktari aliyewapima kwa ajili ya kesi hiyo alikuta zaidi ya 140 kati yao wana kiwewe kizito. Nyaraka za Haugen zilikuwa zimeshaonyesha kwamba asilimia 87 ya bajeti ya muda wa kushughulikia upotoshaji ilitengewa Marekani, ambako hata sehemu ya kumi ya watumiaji wa kila siku hawapo. Asilimia 13 iliyobaki ni ya dunia nzima, kuanzia Kihindi mpaka Kiamhari, na Kiswahili chetu kimebanwa humo.

Kwa Profesa Meareg Amare hesabu hiyo ilikuwa suala la uhai. Alifundisha kemia Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, naye alikuwa Mtigray wakati vita vya Tigray vinawaka. Machapisho ya Facebook yalimtaja kwa jina, yakaweka picha yake, yakamsingizia. Kwa mujibu wa mwanawe, Abrham Meareg, familia iliripoti machapisho hayo kwa kampuni zaidi ya mara moja bila ya yeyote kusikia kwa wakati. Tarehe 3 Novemba 2021 profesa aliuawa nje ya nyumba yake. Wauaji wana hatia yao, na hakuna ninayemwondolea. Lakini ukimpelekea Abrham msemo wa kisu utakuwa unamwambia kwamba kati ya mwandishi wa uchochezi na mshika bunduki hapakuwa na mtu mwingine. Yeye anadai alikuwapo: aliyeupokea uchochezi, akaupa nguvu ya kusafiri, akaambiwa, akanyamaza, akalipwa.

Kuna methali nyingine ya kisu ambayo waandishi wa insha hawaikumbuki. Mwenye kisu ndiye mla nyama.

Nisingegombana hivi na msemo kama ungekuwa unakaa mdomoni tu. Umeingia katika sheria. Kwa kuwa tumekubaliana kwamba tatizo ni mkono, sheria zetu zote zimetungwa kuukamata mkono. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na humo anayechapisha taarifa anayoijua kuwa ya uongo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu yake ndogo akatakiwa alipe zaidi ya shilingi milioni 2 kwa leseni na ada zake. Mwaka uleule Uganda ikamtoza kila anayefungua mitandao shilingi 200 kwa siku, kwa maelezo kwamba umbea umezidi. Kuanzia 2019 sisi huku tukasajili laini za simu kwa alama za vidole. Leo dola inamjua mtumiaji hadi mistari ya kidole gumba. Juu ya mpangaji anayeamua mtumiaji huyo aone nini, haijui hata kitu cha kumuuliza.

Na ikishindwa kuukamata mkono mmoja mmoja, inafunga jiko zima. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Facebook ikaendelea kufungwa huko kwa miaka. Hapa kwetu intaneti ilizimwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura na ya maandamano, ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Fundi simu, wakala, mama anayeuza vitenge kwa oda za Instagram, wote wakakaa gizani pamoja na waandamanaji. Anayeifunga mitandao na anayehubiri matumizi mema ya mitandao wanaonekana mahasimu, ila imani yao ni moja: mtumiaji ndiye hatari, mwenye mali ni mpita njia.

Hapo ndipo wenzangu wanaopigania uhuru wa maoni hunishika shati. Wananiambia, wewe unadai sheria zaidi, na sheria tumeziona zinavyotumika. Wana haki ya kuogopa. Jibu langu ni kwamba kuna sheria inayomgusa msemaji na sheria inayomgusa anayepanga sauti ipi isikike. Ya kwanza tunayo ya kutosha, na ningefurahi ipunguzwe. Ya pili hatuna. Kudai kampuni ieleze alama zake za upangaji, kudai itaje ina wachujaji wangapi wanaojua Kiswahili na inawalipaje, kudai tangazo la kisiasa lionyeshe limelipiwa na nani, hakumfungi mdomo mwananchi hata mmoja. Hakuna mwandishi atakayelala rumande kwa sababu Meta imelazimishwa kuonyesha hesabu zake.

Pingamizi gumu zaidi linatoka Kenya, na nisipolitaja nitakuwa nimeandika insha ya upande mmoja. Juni 2024 vijana wa Kenya waliuangusha Muswada wa Fedha. Walieleza vifungu vyake kwa video fupi za TikTok kwa Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo. Walijadili usiku kucha kwa sauti kwenye X. Walisambaza namba za simu za wabunge wakapigiwa hadi zikalemewa. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada. Mtu atasema: si mpangaji huyohuyo unayemlaani aliyezifikisha video hizo kwa mamilioni?

Ndiyo, na hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini tazama mitambo hiyohiyo ilifanya nini miaka miwili tu kabla, kwenye uchaguzi wa 2022, TikTok ilipojaa video za uchochezi wa kikabila ambazo mtafiti Odanga Madung alizikusanya kwa ajili ya taasisi ya Mozilla, zaidi ya 130, zilizotazamwa zaidi ya mara milioni 4. Mpangaji hakujua tofauti ya mwaka 2022 na 2024. Hakuwa na haja ya kuijua, kwa kuwa chuki ya kabila na madai ya haki humfanya mtu asiondoke kwa kipimo kilekile. Tofauti waliileta Wakenya wenyewe, wakaipigania juu ya uwanja ambao si wao, wala hawana hakika utakuwa umeinama upande gani kesho. Januari 2025 Meta ilitangaza kwamba inaachana na wahakiki wa habari wa nje nchini Marekani. Uamuzi mmoja wa ofisi, na kanuni za mjadala zikabadilika. Wananchi wanaotegemea uwanja wa namna hiyo kwa siasa zao wanastahili zaidi ya ushauri wa kushika mpini vizuri.

Juu ya wazazi sitakaa sana. Wanaambiwa kila siku wawachunge watoto na simu, na wengi wanajitahidi. Utafiti wa Instagram yenyewe, uliovuja Septemba 2021, ulisema asilimia 32 ya mabinti waliojisikia vibaya kuhusu miili yao walieleza kwamba Instagram iliwazidishia hali hiyo. Kampuni ilijua, mzazi hakujua, na hotuba anapewa mzazi. Australia ilichoka na mpango huo, ikapitisha sheria Novemba 2024 inayozitaka kampuni, siyo mama wala baba, zihakikishe aliye chini ya miaka 16 hana akaunti. Mimi nina mashaka na marufuku ya umri, maana watoto wana ujanja wao, lakini angalau anuani ya faini imeandikwa sawasawa.

Hata wale tunaopenda kuwasema, watafuta kiki wa mjini na machawa wao, wanaotengeneza talaka za uongo ili watrendi, ni wanafunzi waaminifu wa mpangaji. Walijaribu kuweka wimbo mzuri, ukaonwa na wachache. Wakatukanana na mwenzao, namba zikapanda, wadhamini wakapiga simu. Kuwaita wameharibika ni rahisi. Mimi naona wamesoma soko kwa usahihi kuliko wahubiri wanaowakemea.

Kitu cha kudai kipo, tena kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tangu Agosti 2023 sheria ya Umoja wa Ulaya inazilazimisha kampuni kubwa za mitandao kumpa mtumiaji njia ya kuona machapisho bila kupangiwa kwa kufuata tabia zake. Mtu aliyeko Paris ana haki hiyo, na kampuni ikimnyima inaweza kutozwa faini hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani. Aliyeko Dodoma akipewa kitufe kama hicho, amepewa kwa hisani, na hisani huondolewa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na zote mbili zina maofisi na watumishi. Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua Aprili 2025 kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Abrham Meareg dhidi ya Meta, baada ya kampuni kubisha kwamba haiwezi kushitakiwa hapo. Mbunge anayejiandaa kusimama tena na hotuba ya maadili ya vijana anaweza kuanzia kwenye uamuzi huo, kisha aulize serikali kwa nini mpiga kura wake hana haki ya kitufe ambacho Mfaransa anacho.